Upenu wa Lori la Sheikhan

Siku lori la Sheikhan bin Saif lilipotolewa uani kwa Fundi Bushiri, Mtaa wa Kongo ulisimama. Wauza ndizi waliacha ndizi, vinyozi wakaacha vichwa nusu, na wanawake waliokuwa wakitoka sokoni Kariakoo walitua vikapu chini wakapiga vigelegele kana kwamba anatolewa bibi harusi. Walikuwa na haki. Lile lilikuwa lori, lakini ukilitazama ungesema ni nyumba iliyoota magurudumu.

Miaka ile ya Mwingereza, lori lilishuka bandarini likiwa uchi: injini, usukani, magurudumu na chuma cha mgongo, basi. Kulivisha ilikuwa kazi ya seremala. Wengi walilivisha kimaskini tu, mbao fupi ubavuni, fito zilizopindwa matao, na turubai juu yake lililoinama mbele kama mgongo wa kobe. Lori la Sheikhan lilivaa hivyo miaka sita, likaenda Bagamoyo na kurudi, likipita mchanga na matope na vichaka ambako hata punda huuliza njia. Sasa mbao zake zilikuwa zimeoza, na mwenyewe akataka livae nguo mpya.

Tatizo ni kwamba Bushiri hakuwa seremala wa mbao fupi. Alikuwa fundi wa milango. Alikuwa na miaka hamsini na ushei, na milango mingi mizuri kuanzia Gerezani mpaka Uhindini ilikuwa na alama ya patasi yake. Lakini watu walikuwa wameanza kununua milango mitupu, mbao nne na bawaba mbili, na patasi zake zilianza kushika kutu. Sheikhan alipomwambia, "Nivishie lori langu, fundi, utakavyo wewe," Bushiri alikuwa kama mwenye njaa aliyewekewa sinia mbele.

Akalijenga alivyojua kujenga. Mbele, juu ya kioo, alisimamisha ubao wa mvule, wima kama ukuta, mpana kuliko lori lenyewe. Kutoka ubao ule akatoa upenu wa shibiri tatu, ili dereva apate kivuli na mvua isimpige usoni. Juu kabisa akaweka taji kama la mlango wa tajiri: mayungiyungi, makuti ya mtende, na mnyororo uliozunguka pande zote. Juu ya paa akatia kichanja cha matenga ya kuku. Ubavuni akapiga kulabu za kutundikia madebe. Na kuta akazipandisha mpaka mtu mrefu akaweza kusimama ndani na kofia yake kichwani.

"Shikamoo, Mzee Bushiri," alisema Hamis, dereva wa Sheikhan, akilizunguka lori na mikono nyuma.

"Marahaba."

"Mzee, hapa limekosekana baraza tu, tukae tunywe kahawa."

"Ukinitania zaidi na baraza nitalitia."

Watu wakacheka. Hamis alikuwa mtu mwembamba, mtaratibu, wa kusema shikamoo hata kwa aliyemzidi miaka miwili. Aliliendesha lori lile tangu siku ya kwanza, na mchanga wa njia ya Bagamoyo aliujua kama mtu anavyojua meno yake.

Udi ulifukizwa, Fatiha ikasomwa, halua ikapita. Bushiri alibaki mpaka jua linazama, anapapasa ubao wake. Alipofika nyumbani, mkewe Waridi alimwona anatabasamu peke yake.

"Kitendawili," akasema Waridi, akimpakulia wali. Nyumbani mle hamkuliwa chakula bila kitendawili.

"Tega."

"Nikikimbia ananisukuma kifuani, nikisimama simwoni."

Bushiri alikuwa bado anaona mayungiyungi. "Mbwa?"

"Mbwa gani asiyeonekana? Nipe mji."

"Nakupa Bagamoyo. Lori langu linaenda huko kesho."

"Nimefika Bagamoyo, nimekula samaki wake, nimelalia kitanda chake," Waridi akasema kama ada ilivyo. Kisha akamtazama, akaona hasikilizi. "Na jibu nimelisahau hukohuko."

* * *

Kaskazi ilikuwa imeanza. Ule upepo ulitoka baharini kila siku, ukavuma mpaka nguo zilizoanikwa zikalala kama bendera.

Zamani, lori la Sheikhan lilikunywa debe moja la petroli kwenda Bagamoyo na debe moja kurudi. Kila mtu Mtaa wa Msimbazi alijua, kwa sababu madebe yalinunuliwa mchana kweupe dukani kwa Kantilal, na Kantilal alipenda kutangaza biashara yake. Lakini safari ya kwanza ya ile bodi mpya, petroli ilikwisha Mapinga, Bagamoyo bado. Ya pili hivyohivyo. Fundi wa injini aliitwa, akalala chini ya lori akatoka na mafuta mpaka masikioni, akasema halivuji hata tone. Ya tatu, Hamis alibeba debe la ziada, likaliwa nusu yake. Na ajabu ni hii: kurudi, lori lilitosheka na debe lake moja, na pengine likabakisha.

Ijumaa baada ya sala Sheikhan alimwita Hamis barazani mbele ya duka lake. Wazee walikuwapo, muuza kahawa alikuwapo na dele lake, na Bushiri alikuwa kwenye nafasi yake ya kila siku, karibu na mlango.

"Hamis," Sheikhan alisema, "gari gani hili lenye kiu ya kwenda tu? Kiu ya kwenda bila ya kurudi si ya gari. Ni ya mtu aliye na mteja njiani."

"Bwana, wallahi sijauza hata kijiko." Hamis alikuwa amevua kofia. "Linakuwa zito. Tukishapita Kunduchi, pale miti inapokwisha, linakuwa kama mtu ameliwekea kiganja kifuani. Nakanyaga mpaka mwisho, haliendi, linalia tu. Nikirudi, hakuna kitu. Lilianza tangu livae hii bodi. Labda ni bodi, bwana. Mimi sijui."

Watu wote wakamgeukia Bushiri.

Angesema "sijui", ingetosha. Angesema "labda", ingetosha zaidi. Lakini lile neno *labda ni bodi* lilimwingia sikioni kama mdudu, na mbele ya wazee, wiki tatu tu tangu vigelegele vile, hakutaka litulie humo.

"Mwanangu," akasema, akiweka kikombe chini polepole ili wote wamsikilize, "mimi na mbao tumejuana miaka thelathini. Nimeona mbao ikinywa rangi. Nimeona ikinywa mafuta ya nazi. Mvua ikinyesha, hunywa maji. Mbao inayokunywa petroli, hiyo umeikuta wewe Bagamoyo?"

Baraza zima liliangua kicheko. Muuza kahawa akagonga vikombe vyake, "Labda ni mvule mlevi!" Hata Sheikhan alicheka, na alipomaliza kucheka alikuwa ameshakata shauri. Akanyoosha mkono, Hamis akauweka ufunguo wa lori kwenye kiganja chake. Hamis aliondoka kofia bado ikiwa mkononi. Hakumtazama Bushiri, na Bushiri aliliona hilo akasema moyoni, mwizi huwa hatazami mtu.

Hakuna aliyempa tena Hamis gari. Dereva mwizi wa petroli ni kama mpishi mwenye ukoma, habari zake humtangulia. Mkewe, Siwema, alikuwa na mahali pake pa kukaanga vitumbua mlango wa soko, na hapo ndipo maneno yalipomkuta. "Dada, vya leo umekaangia petroli ya wapi? Nisije nikawasha kiko nikaungua!" Walicheka huku wanakula. Kisha wakacheka bila kula. Mwisho Siwema alihamishia kikaango chake nyuma ya soko, kando ya mtaro, mahali ambapo mtu hapiti ila amepotea.

Bushiri aliyasikia yote hayo. Akasema, "Ndiyo dunia."

* * *

Mwezi ulipopita, alimaliza mlango wa mfanyabiashara mmoja wa Uhindini, jina lake Devendra. Mlango wa kuchonga haulazwi kichwani kama gunia, maua yake yatavunjika. Hubebwa umesimama kwa ubavu, mmoja mbele, mmoja nyuma, mabegani. Bushiri alikwenda sokoni kutafuta mchukuzi, na mchukuzi aliyekuwa hana mzigo asubuhi ile, kitambaa kimeviringwa begani, alikuwa Hamis.

"Shikamoo, Mzee Bushiri."

"Marahaba," akasema Bushiri, na kwa kuwa hakukuwa na mwingine, wakaenda.

Vichochoroni kulikuwa shwari. Lakini walipotokea Mnazi Mmoja, ule uwanja mpana ulio kati ya Kariakoo na Uhindini, kaskazi iliwapokea. Walikwenda nayo uso kwa uso, mlango umeelekeza wembamba wake mbele, upepo ukapasuka ukapita huku na huku, nao wakatembea kama si kitu. Katikati ya uwanja kulikuwa na mfereji. Ili kuuvuka ilibidi wageuke. Bushiri akageuka kwanza, mlango ukageuza uso wake kwenye upepo, na hapo ikawa kama ng'ombe amewapiga pembe. Hamis alirudi nyuma hatua tatu. Bushiri aliburutwa akakaribia kuanguka mferejini.

"Wembamba!" akapiga kelele, kama alivyopiga kelele kwa wachukuzi wote miaka thelathini. "Upepo upe wembamba! Usiupe upana! Ukiupa upana utakurudisha kwen..."

Neno likamkatikia kinywani.

Walikuwa wameshaugeuza. Mlango umetulia, unakwenda. Lakini Bushiri alikuwa amesimama, na macho yake hayakuuona mlango tena. Aliona ubao wa mvule, wima kama ukuta, mpana kuliko lori lenyewe. Aliona upenu wa shibiri tatu umeukunjia upepo kiganja, usipate pa kupita juu wala chini. Aliona kichanja, kulabu, madebe yanayoning'inia, kila moja limetoa mkono wake kuushika upepo. Aliona njia inavyotoka Kunduchi kwenye miti na kuingia uwandani, na kaskazi inasubiri. Na lori likirudi, upepo uko mgongoni, unasukuma. *Kama mtu ameliwekea kiganja kifuani.* Dereva alisema vile vile ilivyo, neno kwa neno, naye fundi wa milango, mtu ambaye hajapata kubeba mlango kwa upana wake tangu ujana, aliweka kikombe chini akamcheka.

"Vipi, mzee?" Hamis aliuliza kutoka nyuma. "Umeumia?"

Alikuwa nyuma yake tu, urefu wa mlango mmoja. Bushiri alihitaji kugeuza shingo.

"Jua tu," akasema. "Twende."

Walifikisha mlango. Bushiri akampa ujira wake, Hamis akaupokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, mzee. Shikamoo." Na Bushiri ikabidi ajibu marahaba.

* * *

"Upepo," alimwambia Waridi alipoingia nyumbani. Hakuvua hata viatu.

"Upepo gani?"

"Kile kitendawili chako. Ukikimbia anakusukuma kifuani, ukisimama humwoni. Ni upepo."

Waridi alikuwa anachambua mchele. Aliuacha. "Karibu miezi miwili umekuwa ukilitafuta?"

Akamweleza yote. Waridi alisikiliza mpaka mwisho, kisha hakumkemea, hakumtuliza. Alimwuliza neno moja tu: "Na Hamis ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Alikuwa wapi?"

"Nyuma yangu."

Waridi akarudi kwenye mchele wake.

Siku ya pili Bushiri alikwenda kwa Sheikhan, si barazani, bali ukumbini, kwa mlango wa nyuma. Alidhani atafukuzwa. Sheikhan alimsikiliza akichezea tasbihi, na alipokwisha, akafunga mlango.

"Nakwambia jambo, fundi, na libaki humu. Tangu nimempa Suud lile lori, petroli inakwisha palepale Mapinga." Suud alikuwa mtoto wa kaka yake, ndiye aliyekuwa dereva sasa. "Mtoto wa kaka yangu nimwite mwizi? Nimekaa kimya, debe la ziada nalinunua mbali na Kantilal, na Suud nimemkataza kusema. Nasema moyoni, basi Hamis hakuiba. Lakini nitasimamaje mbele ya watu?"

"Mimi ndiye niliyesema."

"Wewe ulisema, mimi nikamnyang'anya ufunguo." Sheikhan akashusha sauti. "Tufanye hivi. Uing'oe ile mbao kimya kimya. Tuseme imeingiwa na dumuzi. Hamis nitamtazama kwa njia nyingine, nitampelekea mchele wakati wa Idi. Mambo yatasahauliwa."

Na Bushiri akakubali. Hapo ndipo penye aibu yake kubwa, si pale pa kutojua. Kutojua ni kwa kila mtu. Alikubali, na alipotoka nje aliona kifua chake kimekuwa chepesi, akaudhania wepesi ule ni haki.

Aliung'oa ubao, upenu na taji, akaviweka uani chini ya gunia. Akapunguza kuta, akaondoa kichanja, akarudisha matao na turubai, safari hii limeinama mbele vizuri kuliko la zamani. Madebe akayatia ndani. Lori lilikuwa kama mtu aliyenyolewa. Waliouliza waliambiwa dumuzi.

Ijumaa ile Suud aliingia barazani anazungusha ufunguo kidoleni. "Debe moja!" akasema. "Bagamoyo kwa debe moja, na kaskazi usoni!"

"Eee!" Muuza kahawa akapiga paja. "Si tulisema? Mwizi ametoka, petroli imerudi! Hamis, Hamis, alitunyonya huyu!"

"Na mkewe na vitumbua vyake," mwingine akadakia. "Walikuwa wakila petroli yetu wale."

Wakacheka tena, kicheko kilekile cha siku ile. Bushiri alimtazama Sheikhan. Sheikhan alikuwa anaitazama tasbihi yake. Hapo Bushiri akaona alichokifanya: ile mbao aliyoing'oa kimya kimya ilikuwa ndiyo shahidi pekee wa Hamis, naye amemzika chini ya gunia. Kabla ya hapo Hamis alikuwa anashukiwa. Sasa amethibitishwa.

Alinyanyuka, akatoka bila kuaga.

Akapita nyuma ya soko kando ya mtaro, njia asiyoipita. Siwema alikuwa pale na kikaango chake, peke yake, anafukuza nzi.

"Shikamoo, mzee. Karibu kitumbua. Cha moto."

Akapewa kimoja kwenye jani la mgomba. Akakaa nacho mkononi.

* * *

Pwani kuna desturi, na wazee wa Kariakoo waliishika: neno lililotemwa barazani hulambwa barazani. Ukimtia mtu aibu mbele za watu, huwezi kwenda kumwomba radhi chumbani. Utamwomba palepale, mbele ya walewale, na kama walicheka, basi wakucheke na wewe.

Bushiri alingoja Ijumaa nyingine. Mchana ule, watu wametoka msikitini na baraza limejaa, walimwona anakuja Mtaa wa Msimbazi na kanzu yake nyeupe, na begani mwake ubao wa mvule na upenu wake, mayungiyungi juu, anatoka jasho kama mchukuzi. Nyuma yake Waridi na buibui lake.

"Fundi! Dumuzi wamekula mpaka lini?" akauliza muuza kahawa.

"Hakuna dumuzi," Bushiri akasema. Akautua ubao. "Nimekuja kulamba."

Sheikhan alinyanyua macho, akatikisa kichwa kidogo, *usifanye*, lakini Bushiri alikuwa amekwisha kujua kwamba akimtazama Sheikhan tu atanyamaza, kwa hiyo akamtazama muuza kahawa.

"Wewe ulisema mvule mlevi. Njoo unisaidie kubeba. Na nyinyi wengine, inukeni, si mbali."

Wakamfuata mpaka Mnazi Mmoja, kwanza kwa udadisi, kisha kwa mzaha, na wapita njia wakaungana nao. Kaskazi ilikuwa imekolea. Bushiri na muuza kahawa wakaushika ubao kwa upana wake, uso kwenye upepo, kama ulivyokaa juu ya lori.

"Sasa kimbia," Bushiri akasema.

Walikimbia. Walifika hatua kumi. Upepo ukaingia chini ya ule upenu, ukaujaza, ukawasimamisha, ukawarudisha. Kofia ya Bushiri ikaruka. Kanzu ikampanda mpaka magotini, akakaa kitako mchangani na mayungiyungi yake mapajani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee mzima, fundi wa milango, miguu juu! Alikaa pale akawaacha wacheke, hakuharakisha kuinuka.

Kisha akainuka. "Sasa wembamba." Wakaugeuza, wakakimbia hadi mwisho wa uwanja na kurudi, bila shida.

Waliporudi hapakuwa na anayecheka. Muuza kahawa alikuwa anahema, anautazama ubao kama anamtazama jini.

"Hamis alisema ni bodi," Bushiri akasema, na sauti yake haikuwa kubwa, lakini upepo uliifikisha. "Mimi nikamcheka, nanyi mkacheka kwa sababu yangu. Hakuna petroli iliyouzwa. Iliyoinywa ni mbao hii, na mbao hii niliichonga mimi."

"Na kwa Suud ilikwisha vilevile," ikasema sauti nyingine. Ilikuwa ya Sheikhan. Alikuwa amekuja nyuma yao wote, bila viatu, tasbihi imemganda mkononi. "Mwezi mzima. Nilijua nikanyamaza. Hamis hakuiba."

Watu wakageuka huku na huku wakimtafuta Hamis, na hawakuwa na haja ya kwenda mbali, kwani mchukuzi huwa pale watu walipo. Alikuwa amesimama nyuma ya kundi, kitambaa begani, na Siwema pembeni yake. Waridi ndiye aliyekwenda kuwaita.

Sheikhan akatoa ufunguo. "Ni wako. Chukua, kama utakubali."

Hamis aliutazama kwa muda, kisha akauchukua. Hakusema ahsante. Akamgeukia Bushiri.

"Mzee Bushiri. Nakuuliza neno moja. Siku ile tulipobeba mlango wa yule Mhindi, ulisimama hapa hapa. Nikakuuliza, ukasema jua. Ulikuwa umeshajua?"

Hapo angeweza kusema alijua juzi, au jana, na nani angemkanusha? Watu walikuwa wameshaanza kumwonea huruma. Baadhi walikuwa wanasema, maskini, ameungama mwenyewe.

"Nilikuwa nimeshajua," akasema. "Mlango ulipotugeukia nilijua. Wewe ulikuwa nyuma yangu. Nikaona aibu, nikanyamaza. Halafu nikaing'oa kwa siri, mkazidi kutukanwa."

Siwema akaguna. Hamis akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa hesabu akaiona imekaa sawa.

"Kusamehe nitasamehe," akasema. "Si leo."

"Sawa, mwanangu."

"Na mbao hii usiirudishe uani kwako. Shika mbele."

Wakaubeba pamoja, fundi mbele na dereva nyuma, kwa wembamba, mpaka mlango wa soko, mahali pa zamani pa Siwema. Bushiri akaagizwa nyundo. Jioni ileile ule upenu ulikuwa umepigiliwa kwenye nguzo nne, na Siwema yuko chini yake na kikaango, kivuli tele. Upenu kazi yake ni kusimama, na pale palikuwa pa kusimama. Waliokuja kununua waliuliza mayungiyungi yale yametoka wapi, naye akawaeleza kisa chote, tangu petroli mpaka dumuzi, hakumfichia Bushiri hata neno.

Bushiri alipita pale kila asubuhi. Hakukwepa njia. Alisikia kisa chake kikisimuliwa kwa wageni, akanunua vitumbua viwili, akaenda kazini.

Na Hamis alirudi njiani, debe moja kwenda, debe moja kurudi. Akipita na lori barazani kwa Sheikhan hupunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani, akawaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo huyu, shikamoo yule. Akimfikia Bushiri husema, "Habari za kazi, fundi," na kuendelea.

"Njema," hujibu Bushiri.

Kaskazi ikapita, kusi ikaingia. Waridi alimwambia mara moja, "Yule kijana hajakuamkia bado?"

"Bado."

"Utamwambia?"

"Shikamoo haiombwi," Bushiri akasema. Na kesho yake, aliposikia lile lori linakuja, akaweka kikombe chini, akakaa vizuri, akangoja.